Krimu Inayofanya Kazi Haraka Mno

Saa kumi na mbili jioni, matatu zinazotoka mjini Nakuru humwaga abiria Kaptembwo, na hatua chache kutoka steji, kati ya nyanya za mafungu na viatu vya mitumba, hukosi meza ya vipodozi. Safu ya mbele ni ya makopo ya mafuta ya kujipaka ambayo kila nyumba mtaani inayajua. Nyuma yake zimesimama losheni za chupa kubwa, kisha visanduku vya seramu za vitamini C na kolajeni vyenye maandishi ya Kikorea, au yanayojaribu kufanana na Kikorea. Pembeni kuna tyubu nyembamba za krimu zenye maandishi madogo. Na chini ya meza, mpaka uulize, kuna makopo meupe yasiyo na jina wala tarehe, yenye krimu ya rangi ya siagi iliyochanganywa na mtu asiyejulikana kwa vipimo visivyojulikana.

Je, vitu hivi vinafanya kazi kweli ama ni kutupa pesa? Swali hilo ni la haki, hasa kwa mtu anayelipwa kibarua cha siku na ambaye kodi ya chumba inamsubiri. Vingi kwenye meza hiyo havifanyi lolote zaidi ya kulainisha ngozi, na kazi hiyo kopo la bei ya chini linaiweza vizuri. Vichache hufanya kazi kweli, lakini polepole. Kisha kuna vile vinavyobadilisha uso ndani ya wiki moja, mteja akarudi kwa furaha kununua kopo la pili. Hivyo ndivyo vinavyonitia hofu.

Tuanze na kopo la mbele. Mwaka 1872 mkemia Robert Chesebrough alipata hataza nchini Marekani kwa mafuta mazito aliyoyasafisha kutoka kwa masalio ya visima vya petroli, akayaita Vaseline. Zaidi ya miaka 150 baadaye ni vigumu kupata kitu kinachoyashinda kwa kazi yake moja, ya kuzuia maji yasitoroke mwilini. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa mafuta ya aina hii huzuia karibu asilimia 98 ya maji yanayopotea kupitia ngozi, ilhali mafuta mengine mengi huishia asilimia 20 au 30. Hayapenyi ndani wala hayana chakula cha ngozi. Hukaa juu kama kifuniko cha sufuria, na ngozi iliyo chini ikapata nafasi ya kujitengeneza yenyewe. Ndiyo maana hupakwa mara tu mtu anapotoka kuoga, mwili ukiwa bado na unyevunyevu.

Bonde la Ufa lina historia yake na mafuta haya. Arimis, ambayo leo iko katika kila duka la mtaa, ilianza kama mafuta ya kukamulia, ya kupaka chuchu za ng'ombe zisipasuke. Watu wakaanza kujipaka wenyewe, na baadaye watoto wao. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Januari hadi mvua za Machi upepo mkavu hupeperusha vumbi mchana kutwa. Mtoto akienda shule miguu imepauka, atakayesemwa ni mama yake. Mama anayempaka mwanawe mafuta ya kopo la bei nafuu asubuhi, magoti na viwiko vikang'aa, amemfanyia utunzaji wa ngozi wenye ushahidi kuliko seramu nyingi za shilingi elfu mbili.

Hata hivyo, tusiyape sifa yasiyostahili. Kwa miaka kadhaa madaktari walitarajia kwamba kumpaka mtoto mchanga mafuta kila siku kungemkinga asipate ukurutu. Nchini Uingereza utafiti uliohusisha watoto 1,394 ulijaribu jambo hilo, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kuwa kinga hiyo haipo. Mafuta humtuliza mtoto ambaye ngozi yake tayari ni kavu, lakini hayazuii ugonjwa aliozaliwa nao kwenye damu ya ukoo.

Na losheni za bei kubwa je? Soma orodha nyuma ya chupa: maji, glisirini, mafuta ya aina fulani, kisha manukato. Glisirini huvuta maji na kuyashika kwenye ngozi, mafuta huyafunika. Losheni ya bei ya chini nayo ina vitu hivyohivyo. Tofauti ya bei hulipia harufu, chupa na matangazo, na mara nyingi ni harufu hiyo inayomwasha mtu mwenye ngozi nyepesi kudhurika. Anayeipenda harufu na anazo pesa, sina ugomvi naye. Lakini asidhani ngozi yake imepata kitu ambacho ya jirani imekosa. Biashara hii ina faida kubwa: mwaka 1995 Paul Kinuthia alianza kutengeneza shampuu jijini Nairobi kwa mtaji wa shilingi 3,000, kampuni yake ikazaa vipodozi vya Nice & Lovely, na mwaka 2013 L'Oréal ya Ufaransa ikainunua biashara hiyo ya urembo. Wafaransa hawakuja kwa huruma. Walijua wateja wa mitaa kama Kaptembwo wananunua kidogokidogo, lakini kila wiki.

Kolajeni ya kupaka nitaipita haraka, kwa sababu haina mengi. Wataalamu wa ngozi wanatumia kipimo cha takriban daltoni 500: molekuli iliyo kubwa kuliko hapo haipiti kwenye ngozi nzima. Kolajeni ina daltoni kama 300,000. Ukiipaka inabaki juu, inalainisha, kisha unaiosha na kuimwaga pamoja na maji ya beseni.

Chunusi ni habari tofauti, na hapo dawa zipo. Benzoili peroksaidi hupatikana kwenye maduka ya dawa bila mbwembwe, na adapalini, jamaa wa vitamini A, huzibua vinyweleo na kuzuia chunusi mpya. Tatizo la dawa hizi ni kwamba hazina haraka. Wiki mbili za mwanzo zinaweza kuukausha uso na kuuwasha, na matokeo yanayoonekana huchukua miezi miwili hadi mitatu. Mteja huvunjika moyo wiki ya tatu, akaiacha dawa inayofaa na kurudi mezani kununua nyingine. (Mama mjamzito asitumie dawa za jamii hii ya vitamini A bila kumwona daktari.)

Kuna pia chunusi za kwenye paji la uso ambazo chanzo chake ni mafuta ya nywele. Madaktari walizieleza mwaka 1970 baada ya kuwachunguza watu weusi nchini Marekani, na hapa kwetu bado utawaona wasichana wenye vipele vilivyojipanga kufuata mstari wa nywele, wakinunua krimu ya uso huku wakiendelea kupaka mafuta mazito kichwani kila asubuhi. Kubadilisha mafuta hayo hakugharimu kitu. Hali ni hiyohiyo kwa vijana wanaotoka kwa kinyozi na vipele shingoni. Nywele zetu za kipilipili, zikinyolewa karibu mno na ngozi, hujikunja na kuchoma ndani upya. Skrabu ya mia mbili haiwezi kuziondoa. Kinyozi akiacha nywele fupi kidogo badala ya kunyoa hadi shina, vipele hupungua.

Kinachowasumbua wengi zaidi, kwa kweli, ni alama nyeusi inayobaki chunusi ikishaisha. Ngozi yenye rangi nyingi hujibu kila jeraha kwa kumwaga rangi zaidi, na alama hiyo inaweza kukaa miezi mingi kabla ya kufifia yenyewe. Kubinya chunusi huirefushia maisha, na kupaka limau ni kuutafutia uso majeraha mapya juani. Hiyo miezi ya kusubiri ndiyo mlango ambao krimu za haraka huingilia.

Sasa chukua moja ya zile tyubu nyembamba na uisome. Katika herufi ndogo kuliko mchele utakuta jina la dawa na kipimo chake: clobetasol propionate, asilimia 0.05. Hii ni steroidi, na katika zile za kupaka iko kwenye kundi lenye nguvu kuliko yote. Ni dawa halali kabisa ya baadhi ya magonjwa ya ngozi, na maelekezo yake rasmi nchini Marekani yanasema isitumike zaidi ya wiki mbili mfululizo wala zaidi ya gramu 50 kwa wiki. Kwenye meza ya barabarani maelekezo hayo hayafiki. Inauzwa kama krimu ya uso, ya kupaka asubuhi na jioni, mpaka tyubu iishe.

Na inafanya kazi. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi hupauka mbele ya macho yako. Tangu mwaka 1962 wanasayansi wamekuwa wakipima nguvu ya steroidi za kupaka kwa kuangalia jinsi zinavyoipausha ngozi. Pia hutuliza mwasho, hufuta wekundu wa chunusi na hupunguza utengenezaji wa rangi. Wiki ya kwanza uso ni laini, alama zimefifia, na watu wanauliza unatumia nini. Anayesema krimu hii ni utapeli hajawahi kuona wiki ya kwanza. Hasara huja miezi ikipita: ngozi hukonda hadi mishipa ya damu ikaonekana, michirizi hujichora mapajani na kwenye mikono na haifutiki, chunusi hurudi kwa wingi. Fangasi, yale mashilingi ya kawaida, hutanda mwili mzima kwa sababu kinga ya ngozi imelazwa usingizi. Ikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu dawa huingia kwenye damu, tezi za mwili zikaacha kutengeneza homoni zake, na shinikizo la damu na kisukari vikakaribishwa. Mtu akijaribu kuacha ghafla, uso huwaka moto na kuvimba, naye huamini kwamba bila ile krimu hawezi kuishi. Hapo muuzaji amepata mteja wa kudumu.

Haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi, ina njia yake. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi ambao mikono yao ilitoka mabaka meupe. Kosa lilikuwa la kemikali iliyotiwa kwenye glavu zao za mpira, ya ukoo mmoja na haidrokwinoni. Mabaka hayo ya kiwandani yakawa chanzo cha biashara. Mwaka 1975 daktari Albert Kligman wa Philadelphia na mwenzake walichapisha mchanganyiko wa haidrokwinoni, asidi ya vitamini A na steroidi wa kufifisha rangi ya ngozi. Huyu Kligman ndiye aliyewafanyia majaribio wafungwa wa gereza la Holmesburg, wengi wao wakiwa weusi, tangu miaka ya 1950 hadi 1974, na katika kazi yake ikatoka ile asidi ya vitamini A ambayo leo inasifiwa kwa kupunguza mikunjo. Ni dawa nzuri, na historia yake inauma. Mchanganyiko wake wa mwaka 1975, ambao madaktari huutumia kwa muda mfupi na kwa uangalizi, unafanana mno na kile kinachokorogwa kiholela kwenye makopo yasiyo na jina. Mwaka huohuo, Afrika Kusini, daktari wa ngozi alieleza yaliyowapata wanawake waliotumia haidrokwinoni kwa miaka: mashavu yaliyogeuka meusi ya kibuluu, yenye chembechembe ngumu, na ambayo hayarudi. Waliojipaka ili wawe weupe waliishia na weusi usiotibika. Afrika Kusini ikaipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990.

Kenya nayo imepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni, zebaki na homoni kwa zaidi ya miaka 20. Ilikuwa na sababu zake. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 wa figo, watu wazima waliovimba miili kwa sababu figo zao zilikuwa zikivuja protini. Walipowauliza wanajipaka nini, zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Baadhi yao walipata nafuu walipoziacha. Ilikuwa enzi ambayo matangazo ya krimu ya Ambi ya kung'arisha yalijaa magazetini na hakuna aliyefikiri figo na urembo vinaweza kukutana. Karibu miaka 30 baadaye Masazumi Harada, daktari Mjapani aliyetumia maisha yake kuwachunguza wagonjwa wa sumu ya zebaki wa Minamata, Japani, alifika Ziwa Victoria kutafuta athari za zebaki ya wachimba dhahabu. Kwenye nywele za baadhi ya Wakenya wa kando ya ziwa alikuta zebaki nyingi kupindukia, na chanzo chake hakikuwa dhahabu wala samaki. Kilikuwa sabuni ya kung'arisha ngozi, iliyotengenezwa Ulaya, ambako kuitumia kulikatazwa lakini kuiuza Afrika hakukukatazwa. Hapo ndipo hasira yangu hushindwa kutulia.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, wa mwaka 2013, uliweka kikomo cha sehemu 1 kwa milioni kwenye vipodozi, na mkutano wa Geneva mwaka 2023 ukakubaliana kwamba kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kiondolewe sokoni ifikapo 2025. Mezani mkataba hauonekani. Lakini dalili moja inaonekana, na kila mnunuzi anaweza kuitafuta: krimu inayokuonya usiiguse na pete ya dhahabu, fedha au alumini. Zebaki hushikana na madini hayo. Kama krimu inaweza kuharibu pete, fikiria figo, na fikiria mtoto unayelala naye kitanda kimoja na kutumia naye taulo moja, kwa sababu zebaki humfikia hata yeye.

Sitamlaumu msichana anayenunua. Amekulia mahali ambapo "rangi ya thao", yaani weupe wa ngozi, ni sifa inayoimbwa na kutaniwa, na ameona ni sura zipi zinazowekwa mapokezi hotelini na kwenye mabango ya barabara kuu. Februari 2014, mwigizaji Lupita Nyong'o alisimama mbele ya wanawake weusi wa Hollywood akasoma barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya kung'arisha, kabla ya kumwona yeye akipanda kwenye ramani ya dunia na rangi yake. Lupita alikiri kwamba naye utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke amekuwa mweupe. Muuzaji wa kopo jeupe hakuileta hamu hiyo, ameikuta tayari na kuiwekea bei.

Niliacha krimu ya kukinga jua mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo yenye ushahidi mzito na ndiyo inayouzwa kwa maneno yasiyotuhusu sana. Katika mji wa Nambour, Australia, kati ya mwaka 1992 na 1996, watu walipangiwa kwa kura nani aipake kila siku na nani aendelee na mazoea yake. Waliopaka kila siku ngozi zao zilizeeka kwa asilimia 24 pungufu. Lakini hao walikuwa Waaustralia weupe. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, na kwa wengi wetu kofia na kivuli vinatosha. Ikiwa una madoa ya mashavuni yanayokolea juani, kama yale ya ujauzito, krimu hiyo inafaa, na yenye rangi ya ngozi ni bora zaidi kwa sababu huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa hayo.

Kwa mtu mwenye ualbino hali ni tofauti kabisa. Nakuru iko karibu kabisa na ikweta na juu sana kutoka usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda huongeza miale ya jua inayounguza kwa asilimia 10 hivi. Kwake krimu ya kukinga jua humlinda dhidi ya saratani ya ngozi, ambayo imewaua wengi wakiwa bado vijana. Mjini Moshi, Tanzania, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC, mfamasia Mhispania Mafalda Soto alianzisha utengenezaji wa krimu ya Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino wa Afrika Mashariki. Huku Kenya serikali, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, hutoa krimu za kukinga jua bure hospitalini. Ningependa kuona pesa za umma zikimiminika huko bila kukatizwa, kabla ya shilingi moja kwenda kwenye maonyesho yoyote ya urembo.

Kwa mnunuzi wa kawaida, kinga iliyo karibu ni simu yake: alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, ina nambari ya kibali, na ukituma SM# pamoja na nambari hiyo kwenda 20023 utajibiwa kama bidhaa inatambuliwa. Kopo lisilo na nambari wala orodha ya viungo halina cha kutumwa, na kwa sababu hiyo tu lirudishwe chini ya meza.

Na kama tayari umepaka kwa miezi au miaka, usiiache kwa ghafla ukiwa peke yako. Nenda kliniki ya ngozi katika hospitali kuu ya kaunti na uibebe krimu yenyewe, hata kama ni kopo lisilo na jina, hata kama imebaki kidogo chini. Daktari anahitaji kuiona ili ajue akupunguzie kwa kasi gani na figo zako zipimwe au la. Mwambie pia umeitumia kwa muda gani na sehemu zipi za mwili. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, liseme hilo kabla ya yote.